Vidole vyako si vifupi: "Hotel California" kwa gitaa moja

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni nesi, nina miaka 36, niko Tanga. Nimepiga gitaa la rithim kwenye kwaya miaka minane na kodi za kawaida zote nazijua. Desemba wazazi wangu wanatimiza miaka 40 ya ndoa, na ninataka kumpigia baba 'Hotel California' kwa vidole, gitaa peke yake bila kuimba, kwa sababu ndiyo kaseti aliyokuwa akiisikiliza nikiwa mtoto. Nilipata tabu yake mtandaoni, yaani ile michoro ya namba inayoonyesha pa kushika nyuzi, nimehangaika nayo miezi minne. Nimekariri mpaka nusu ya ubeti wa kwanza, lakini nikipiga mume wangu anasema wimbo hausikiki, zinasikika nyuzi tu. Ile F shapu inaniua mkono. Gumba nalo linafuata vidole kila nikianza melodi. Siku hizi nikilala vidole vinakufa ganzi. Je, tatizo ni kwamba vidole vyangu ni vifupi? Ninunue gitaa la nyuzi za nailoni? Na ni lazima kufuga kucha? Kazini haturuhusiwi."

Marahaba, mwanangu. Kabla ya yote, hiyo ganzi ya usiku usiipuuze. Nitaifikia huko chini, lakini kuanzia leo usipige zaidi ya robo saa bila kuweka gitaa chini, na ile F shapu iache kabisa. Hutaihitaji tena, utaona kwa nini.

Umeniuliza maswali matatu, na yote yanazunguka hofu moja: kwamba una kasoro fulani, ya mkono au ya chombo, inayokuzuia. Nimewasikia wanafunzi wengi wakilalamikia vidole vifupi, na karibu wote walikuwa na vidole vya kutosha. Mtafute Mwenda wa Bayeke, yule mpiga gitaa wa Katanga, Kongo, aliyeimba kwa Kiswahili, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, mji ambao sasa unaitwa Likasi. Ukimsikiliza utaapa kwamba ni watu wawili wenye magitaa mawili. Mkono wake wa kulia ulitumia gumba na kidole cha shahada, basi. Wewe una gumba na vidole vitatu zaidi. Usilaumu mkono.

Kasoro iko kwenye namna ulivyofundishwa, au tuseme ulivyojifundisha. Na wewe mwanakwaya utanielewa haraka kuliko mtu mwingine. Mwalimu wenu wa kwaya akileta wimbo mpya, siku ya kwanza hufanya nini? Hawapangi soprano, alto, tena na besi mbele yake akasema "haya, wote kwa pamoja, silabi ya kwanza". Huwachukua besi pembeni, akawafundisha mstari wao mpaka wanauimba wakiwa wanapiga soga. Kisha soprano. Alto na tena hufuata, na mara nyingi huambiwa wapunguze sauti. Gitaa la vidole ni kwaya hiyohiyo iliyoingia kwenye mkono mmoja: gumba ni besi, kidole cha pete ni soprano, cha shahada na cha kati ni alto na tena. Lakini ile tabu (jina lake lenyewe lilikuonya) imekupa sauti zote nne kwa pamoja, namba juu ya namba, na wewe umekuwa ukizikariri safu kwa safu kutoka kushoto kwenda kulia. Ndiyo maana miezi minne imekufikisha nusu ya ubeti. Ndiyo maana pia mumeo hausikii wimbo: hata wewe hujausikia. Umejifunza mahali pa kuweka vidole, lakini hujui kati ya namba zile ni ipi inayoimba.

Nilifanya kosa hilohilo, na mimi nililifanya hadharani. Miaka ya nyuma nilikuwa napiga peke yangu nyakati za jioni kwenye hoteli moja ya ufukweni. Bendi iliyokuwa ikipiga hapo wikiendi ilikuwa na huu wimbo kwenye orodha yake kila Jumamosi. Nikatengeneza toleo langu la vidole, limejaa madoido kila pembe, nikalipiga nimefumba macho. Nilipomaliza, mhudumu mmoja aliyekuwa anapita na sinia akaniuliza kwa heshima zote, "Mwalimu, huu ni wimbo gani, mbona mzuri?" Kijana yule alikuwa ameusikia "Hotel California" kila wiki tangu aajiriwe.

Sasa tuingie jikoni.

Kwanza ufunguo. Ukiona F shapu maana yake tabu yako iko kwenye B maina, ufunguo wa santuri yenyewe ya Eagles, albamu iliyotoka Desemba 1976. Ufunguo huo haukuchaguliwa kwa ajili ya gitaa. Don Felder, mpiga gitaa wa bendi hiyo aliyetunga muziki wake, ameeleza kwamba aliuanza kwa E maina, ukateremshwa mpaka B maina ili uingie kwenye koo la mwimbaji, Don Henley. Na lile gitaa la mwanzo unalolisikia kwenye santuri ni la nyuzi 12, lina kapo (kile kibano cha kubana nyuzi zote) kwenye freti ya saba, yaani kichuma cha saba cha shingoni, yaani mpigaji mwenyewe anashika maumbo ya E maina. Wewe huimbi, na baba yako hatakuja na piano kukagua. Kwa nini uteseke na B maina?

Ziko njia tatu. Unaweza kubaki B maina bila kapo, ukae na kodi za kubana nyuzi zote kwa kidole kimoja, sikushauri. Unaweza kuweka kapo freti ya saba kama santuri, ukapata ufunguo halisi na maumbo mepesi. Tatizo ni kwamba gitaa lililobanwa freti ya saba linalia juu juu kama kinanda cha mtoto, besi inakufa, na wewe huna bendi nyuma ya kukuazima besi. Njia ya tatu ni E maina, shingo ikiwa wazi. Hapo kodi zako nane ni hizi: E maina, B7, D, A, C, G, A maina, B7. (Kodi za muziki nasema, TRA wasihusike.) Zote unazipiga kanisani. Nyuzi nene za E, A na D zinalia bila kushikwa, mkono wa kushoto unabaki huru kwa melodi, na ule uzi wa sita unanguruma kama besi ya kweli. Mimi ningechukua hii bila kufikiri mara mbili. Ukiona melodi imekaa chini mno kwa sikio lako, weka kapo freti ya pili au ya tatu, vidole havitajua tofauti.

Kabla hujashika gitaa, zitazame hizo kodi nane kwa karibu, kwa sababu ndipo uzuri wa wimbo ulipo. Zinatembea mbili mbili: E maina na B7, kisha D na A, kisha C na G. Noti za msingi za kila jozi ni zilezile za jozi iliyotangulia, zimeshuka hatua moja nzima, kama mtu anayeshuka ngazi akisimama kidogo kwenye kila kidato. Jozi ya nne ndiyo inayovunja mwendo, A maina na B7, na hiyo B7 inakurudisha juu kuanza upya. Halafu kuna jambo dogo ambalo tabu haikwambii. Kodi ya nne ni A meja, ya saba ni A maina. Tofauti yake ni noti moja: uzi wa pili, freti ya pili kwenye A meja, freti ya kwanza kwenye A maina. Ile ya kwanza ni kama dirisha limefunguliwa ghafla, ile ya pili limefungwa. Ukipoteza kila kitu kingine katika mpangilio wako, usipoteze hiyo noti. Ndiyo inayomfanya msikilizaji ajue yuko kwenye wimbo huu na si mwingine.

Basi tuwaite besi pembeni. Kila kodi inakaa mapigo manne. Gumba linapiga pigo la kwanza na la tatu, basi. Kwenye pigo la kwanza nyuzi zake ni hizi, zikariri kama namba ya simu: sita, tano, nne, tano; tano, sita, tano, tano. Kwenye pigo la tatu gumba linakwenda uzi wa nne kila mara, isipokuwa kwenye D, ambako linarudi uzi wa tano. Kodi shika zile zile unazozijua. Wiki nzima usifanye kingine. Weka metronomu ya simu, ile programu ya kuhesabu mapigo, kwenye mapigo 50 kwa dakika. Wimbo wenyewe unakwenda karibu 75 lakini huko tutafika. Utachoka, utaona ni kazi ya kitoto. Endelea. Kipimo changu cha kujua kama gumba limeiva ni hiki: mtu akibisha hodi, uitikie "karibu", umuulize habari za huko atokako, na gumba lisikose pigo hata moja. Ukishindwa kuitikia hodi bado hujaruhusiwa kuleta soprano.

Sababu yake ni hii. Ulisema gumba linafuata vidole kila ukianza melodi. Si ukaidi, ndivyo mkono ulivyo. Maisha yako yote gumba na vidole vimefanya kazi pamoja: kushika kalamu, kukamua nguo, kufungua kichupa cha dawa. Ukivitaka vifanye vitu viwili tofauti kwa wakati mmoja huku vyote vikihitaji uangalizi wako, vitarudi kwenye undugu wao. Uangalizi wako hautoshi kugawanywa mara mbili. Njia iliyopo ni kulifanya gumba lisihitaji uangalizi kabisa, kama unavyotembea bila kuhesabu hatua, ndipo akili yote iende kwenye melodi. Hakuna njia ya mkato hapo, nami nimezitafuta.

Wakati gumba linaiva, soprano ijifunze kwingine, mbali na gitaa. Imba. Imba ukifua, imba ukiwa kwenye daladala ikibidi, kwa "la la la". Wewe unajua solfa: chukua karatasi uandike melodi ya ubeti kwa solfa, ukikumbuka kwamba E maina huanzia "la" na do yako ni G. Kisha itafute kwenye uzi wa kwanza na wa pili, kidole kimoja kimoja, bila kodi yoyote. Ikikulazimisha kushuka chini ya uzi wa tatu mara kwa mara, panda, kwa sababu huko itagongana na besi.

Hapa kuna mtego ambao wapangaji wengi wanaingia. Melodi ya ubeti wa wimbo huu inakaribia kuwa maneno ya kusema. Mwimbaji anaikalia noti ileile silabi kadhaa mfululizo, na haichoshi kwa sababu kila silabi ni neno jipya, na hadithi inasonga. Uzi wa gitaa hauna maneno. Ukipiga noti ileile mara sita, inakuwa mtu anayegonga mlango. Kwa hiyo acha silabi. Piga ya kwanza, piga ile yenye mkazo, piga inapobadilika noti. Katikati acha uzi uendelee kulia. Mahali pengine ifikie noti kwa kuteleza kutoka freti moja chini yake. Baba yako anayajua maneno, atajijazia mwenyewe kichwani. Kwenye kiitikio hali ni tofauti: hapo melodi inapanda na kushuka vizuri, ipige karibu yote. Kodi zake ni C, G, B7, E maina, kisha C, G, A maina, B7.

Siku utakayowaunganisha besi na soprano utakutana na lile alilosema mumeo, la wimbo kutosikika. Sikio la binadamu likisikia noti nyingi kwa pamoja hushika ile iliyo juu zaidi, yenye nguvu zaidi na inayodumu zaidi. Gitaa linakunyima hiyo ya tatu, kwa sababu noti ikishachomolewa huanza kufa papo hapo. Violini inaweza kuivuta, wewe huwezi. Kwa hiyo lazima uipe melodi nguvu ya ziada mwanzoni, na wengine wote wapungue. Na kwa bahati mbaya kidole kinachobeba soprano, cha pete, ndicho dhaifu kuliko wenzake.

Dawa ziko mbili, zote za bure. Ya kwanza ni pigo la kuegemea. Badala ya kidole kuuchomoa uzi kikaelea hewani, kiache kipite kwenye uzi na kiegemee uzi unaofuata juu yake. Ukipiga uzi wa kwanza hivyo, kidole kinatua kwenye wa pili. Sauti inatoka nene maradufu. Tumia pigo hilo kwa noti za melodi peke yake. Ya pili ni kuweka ukingo wa kiganja cha kulia juu ya nyuzi nene, pale pale zinapotokea kwenye daraja, kwa wepesi, ili besi itoe "dum" fupi badala ya "duuum" inayofunika kila kitu. Ukizidisha hata milimita chache kuelekea katikati, besi inakufa kabisa; sogeza kiganja mpaka upate mahali pake.

Kuna adui mwingine, na huyu yuko mkono wa kushoto. Wapigaji wa rithim tumezoea kuinua vidole vyote kwa pamoja tukibadilisha kodi. Kwenye kanisa lililojaa watu hakuna anayesikia. Kwenye gitaa la peke yake, ukiinua vyote, umeikata melodi katikati ya neno. Kidole kilichoshika melodi kiwe cha mwisho kuondoka, hata kodi inayofuata ikichelewa kukamilika. Na kwa kweli kodi haihitaji kukamilika. Kwenye A inatosha besi ya uzi wa tano ulio wazi na ile noti ya uzi wa pili freti ya pili. Mbili tu, na sikio linasema "A meja". Kitakachobaki hukipigi, na hakuna atakayekidai.

Alto na tena waje mwisho, wakiwa wachache. Santuri yenyewe inakwambia waingie wapi. Kabla wimbo haujapata jina, bendi waliuita "Mexican Reggae", na ukisikiliza gitaa la rithim utaisikia hiyo rege. Kwa hiyo kwenye pigo la pili na la nne, shahada na kidole cha kati vivute nyuzi mbili za katikati kwa pamoja, kwa wepesi, kisha virudi kugusa nyuzi hizo kuzinyamazisha. Dum, cha, dum, cha. Ukiwajaza zaidi ya hapo utarudi kwenye kelele ambazo mumeo alizisikia. Pale melodi inapokuwa na shughuli nyingi, waondoe kabisa hao wawili. Kupanga wimbo kwa gitaa moja, kwa sehemu kubwa, ni kuamua nani akae kimya.

Unaweza kuwa unajiuliza kuhusu ile solo ya mwisho. Nikwambie ukweli: ile ni kazi ya magitaa mawili, Felder na Joe Walsh, kwanza wakipokezana, kisha wakienda sambamba. Wapo wanaoibana kwenye gitaa moja, na huwa inaonyesha ustadi kuliko inavyofurahisha. Mimi ningeacha sehemu ya kupokezana yote. Chukua wazo la mwishoni tu, pale magitaa yanapozivunja kodi noti moja moja, na ulipige kwa sauti moja juu ya besi yako, mzunguko mmoja. Wimbo mzima una dakika sita na nusu. Sherehe haitakusubiri muda huo. Kwa kasi ya 75, mzunguko wa kodi nane ni sekunde 26 hivi. Mwanzo mzunguko mmoja, beti mbili, kiitikio, ubeti, kiitikio, kisha hizo kodi zilizovunjwa: dakika tatu zimetimia.

Sasa vifaa. Gitaa la nailoni usilinunue kwa sababu hii. Shingo lake lina upana wa milimita 52 hivi pale juu, la nyuzi za chuma ni karibu 43. Mtu anayelalamikia vidole vifupi anakwenda kujiongezea safari. Nyuzi zake ni laini kweli, lakini sauti zake za juu hufa haraka zaidi, na melodi ndiyo uliyokuwa unaitafuta. Ila kama mtu atakuazima, jaribu. Tafadhali usiweke nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni: nyuzi za chuma huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 70 kwa pamoja, za nailoni karibu 40, na daraja litang'oka.

Fanya hivi badala yake. Chukua rula upime freti ya 12, kutoka juu ya freti mpaka chini ya uzi wa sita. Milimita mbili na nusu ni sawa. Ukikuta tatu na nusu au nne, hapo tumempata mwizi wa nguvu zako, na mpeleke kwa fundi wa magitaa. Mimi nimeishi Pwani, najua unyevu unavyopinda shingo na chumvi inavyokula nyuzi. Usikaze mwenyewe ile nondo ya ndani ya shingo kwa sababu umeona video. Nimeona shingo lililopasuka hivyo. Pia nunua seti ya nyuzi nyembamba, inayoanzia inchi 0.010 au 0.011 badala ya 0.012, na ukitaka nafuu zaidi teremsha nyuzi zote nusu hatua.

Kucha hapana. Kwenye chuma hata wanaozifuga zinaliwa kila wiki. Piga kwa nyama ya ncha ya kidole, sauti yake ni ya joto na itamfaa baba yako. Jambo moja la kwako hasa: siku nzima unanawa na kuvaa glovu, kwa hiyo ukitoka zamu sugu za vidole zimelainika na uzi utazichana. Subiri saa moja mikono ikauke, au piga asubuhi kabla ya kwenda kazini. Dakika 20 kila siku zinashinda saa tatu za Jumapili, na kwa mkono wako wa sasa hizo saa tatu ni marufuku.

Ganzi, kama nilivyoahidi. Hapa wewe una elimu kuliko mimi, kwa hiyo nisikuhubirie, ila madaktari ni wagonjwa wagumu, na manesi hivyo hivyo. Angalia ni vidole gani. Kama ni gumba, shahada na cha kati, huenda neva ya kiganja inabanwa pale kwenye kifundo cha mkono. Mara nyingi chanzo ni kifundo kilichokunjwa muda mrefu, kama unavyokunja wa kushoto ukiitafuta F shapu. Kama ni cha mwisho na cha pete, tazama kiwiko. Inua shingo la gitaa mpaka kichwa chake kifikie usawa wa jicho, weka mguu wa kushoto juu ya kijistuli, kifundo cha mkono kinyooke. Kisha jaribu hili: weka kidole juu ya uzi bila kubonyeza, uupige, halafu ongeza nguvu kidogo kidogo mpaka mkwaruzo uishe. Simama hapo. Karibu kila mtu hubonyeza mara mbili ya hapo, na hiyo nusu ya ziada hailii popote, inabaki mkononi mwako.

Ukipunguza hivyo kwa wiki mbili na ganzi bado inakuamsha usiku, au ukianza kuangusha vitu, au nyama ya chini ya gumba ikaonekana kupungua, nenda kamuone daktari au mtu wa fiziotherapia, na gitaa likae kwenye kasha mpaka akuruhusu. Hali kadhalika ukiona kidole kinajikunja chenyewe kila ukipiga, bila maumivu yoyote. Hilo ni la mishipa ya fahamu, na mazoezi zaidi hulizidisha. Sherehe inaweza kuwa na keki tu.

Mwalimu wa ana kwa ana huhitaji wa kila wiki. Tafuta mmoja umlipe saa moja, siku gumba na melodi vitakapokutana kwa mara ya kwanza, akutazame mabega na kifundo. Mimi kwa maandishi siwezi kukuona ukikunja bega la kulia mpaka sikioni, na nina hakika unalikunja, kwa sababu wapigaji wa rithim wote tunalikunja.

Kabla ya Desemba, mpigie mtu anayeujua wimbo lakini hajui unachojifunza. Mwenzako wa zamu atafaa, mumeo hapana, ameshausikia mno. Mpigie ubeti bila kumwambia kitu. Akianza kuimba, umefika. Akikusifia kwamba unapiga vizuri, rudi ukaondoe noti.

Na siku yenyewe, mwambie mshereheshaji asitangaze jina la wimbo. Mwache baba aligundue mwenyewe.